Uji wa Mama Mkwe

Mwaka wa njaa, 1949, mume wangu alituma unga wa ulezi kutoka mgodini Geita, akasisitiza kwamba ni wa uji wa mama yake. Mama mkwe alikuwa haoni tena. Nikawa namkorogea uji wa muhogo, natia ukwaju ili asitambue, na ule wa ulezi naunywa mwenyewe nyuma ya ghala. Nilijiambia mimba yangu inauhitaji zaidi. Kila asubuhi alikunywa, akanishukuru, nami nikamchukia kwa shukrani zile.

Siku ya tisa aliweka bakuli kando, akamwita binti yangu.

“Limi, nenda nyuma ya ghala ukanywe na mama yako,” alisema kwa upole. “Huu wangu ni wa muhogo.”