Mtungi wa Sabili

Bi Mwaija wa Mapinga alikuwa na kiu, na maji yalikuwa uani kwake. Hebu niambie, huko si kujitesa? Lakini nadhiri ni nadhiri. Miaka yote ya kunywa maji ya kisima yenye chumvi, chai haikolei sukari, sabuni haitoi povu, alikuwa akisema: bomba likifika kwangu, mtungi wa kwanza nauweka sabili njiani, na atakayeanza kunywa ni mpita njia, si mimi wala mtu wa nyumba yangu.

Asubuhi ile bomba likafunguliwa. Akaufukiza mtungi ubani, akaujaza, akauweka nje ya ua, kata ya kifuu juu yake. Akangoja. Wapi! Wapita njia wa siku hizi kila mmoja na chupa yake mkononi. "Ahsante, bibi," hao wanajiendea. Adhuhuri ikapita. Mwaija hakai: anatoka, anachungulia, anarudi, anakwenda kuufunika mtungi uliokwisha funikwa.

"Mama watoto, kunywa bwana," mumewe Muhidini akamwambia. "Mungu anaijua nia yako."

"Na mimi nakijua nilichokisema! Usinitie majaribuni."

Alasiri akatokea mtu. Alikuwa Kibibi, jirani yake, ndoo ya maji ya kisima kichwani, jasho linamtiririka. Tangu siku Kibibi alipoimwaga ndoo ya Mwaija kisimani wakigombania zamu, hawasalimiani. Yarabi, Mwaija akawaza, watu wote hawa, umeniletea huyu?

Kibibi akasimama. Akautazama mtungi, akamtazama mwenyewe.

"Sabili hii ya kila mtu?"

Mwaija akatafuta mate ya kumeza, hakuna. Roho ilitaka kusema hapana.

"Ya kila mtu," akajibu.

Kibibi akatua ndoo, akasema bismillahi, akanywa kata nzima. Akabaki na kata tupu mkononi, machozi yanamlenga.

"Mwenzangu, hayana chumvi."

Mwaija akaiendea ile ndoo ya Kibibi, akaimwaga yote mchangani.

"Ndiyo unanilipizia?" Kibibi akaruka.

"Nikulipizie nini, wewe! Bomba lile pale uani, nenda kajaze. Na kesho nisikuone kisimani."

Kisha akamnyang'anya kata, akachota, akanywa mpaka maji yakamwagikia kifuani, analia, anasema alhamdulillahi, anachota tena.