Swali la Nne la August

Kazi yangu ni kuosha migongo ya wazee, kuwapikia uji na kuhakikisha wamemeza dawa. Historia sikuisomea. Lakini tangu mwaka jana, kila Jumanne na Alhamisi mchana, nikishamaliza shughuli hizo nyumbani kwa Anton pale Vällingby, hapa Sweden, tulikuwa tunakaa wawili mbele ya kompyuta yake kumtafuta mkulima aliyepotelea Marekani mwaka 1868.

Anton ana miaka themanini na mitano na aliendesha treni za mjini mpaka alipostaafu. Kwetu Bukoba ningemwita mzee, lakini siku ya kwanza tu alinikataza, akasema jina analo na linatosha. Macho yake yamekufa katikati. Anaona pembeni tu, kwa hiyo akitaka kukutazama anageuza uso upande kama mtu aliyenuna. Kusoma hawezi kabisa, na macho yake yakawa mimi, Clement. Angejua alikuwa anamwamini nani, angetafuta mwingine.

Mkulima wetu aliitwa August. Alikuwa baba wa bibi yake Anton. Mwaka wa njaa alimwacha mkewe Kristina na watoto wawili huko kusini, Småland, akaenda kutafuta shamba. Aliahidi kuwaita wamfuate. Hakuwaita. Mtoto mmoja, Karl, alifariki mdogo. Mwingine, Ida, ndiye aliyekuja kuwa bibi yake Anton.

Zamani huku wachungaji walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kila mwaka, wanawahoji watu dini na kuandika kitabuni nani anaishi na nani. Nimevisoma vitabu hivyo kwenye kompyuta mpaka nikazoea mwandiko wa kila mchungaji. Kwa Kristina, mwaka baada ya mwaka, maneno ni yaleyale: mke, mume yuko Amerika. Mchungaji mmoja alitaka kumwandika mjane, ili apate msaada wa parokia na aweze kuolewa tena. Kristina akakataa, akasema hakuna aliyemletea habari ya msiba. Alikufa mwaka 1911 akiwa bado ni mke wa mtu. Baada ya hapo ndipo ukoo ulipokubaliana kwamba August alizama baharini, maana jibu hilo halimuumizi mtu.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja," Anton aliniambia. "Huko alikokuwa, alituhesabu?" Jiwe la kaburi la Kristina lilikuwa linachongwa upya. Kama August aliwahesabu, Anton angeandikisha jina lake chini ya la mkewe. Kama hakuwahesabu, basi.

Sasa niseme langu, maana nimekuwa hodari wa kusema ya wengine.

Nina binti, Veneranda. Tarehe kumi na nne Novemba anatimiza miaka kumi na minane. Nilimwacha ana miaka mitatu kwa mama yangu, kwa sababu mama yake alikuwa ameolewa kwingine. Nimemwona mara mbili tangu hapo. Mama yangu alifariki mwezi wa tatu, na binti sasa anaishi kwa dada yangu Gaudiosa, kwenye nyumba yenye watu tisa. Baada ya msiba aliniuliza kwenye simu, "Baba, siwezi kuja huko?" Nikamjibu tutaona. Mtoto wa mtu anayeishi huku anaweza kuombewa kibali, ila maombi yafike kabla hajatimiza kumi na minane. Tulikuwa tumeingia Oktoba na mimi nilikuwa bado naona.

Kilichonizuia ni karatasi. Mwaka 2011 nilijaza fomu yangu ya kwanza ya kukaa huku, jikoni kwa Method kule Jordbro. Method ni wa kwetu, tulisoma darasa moja. Tulipofika mahali pa watoto akaniwekea kidole. "Andika huna. Ukimweka mtoto wataanza kuuliza anakula nini, analelewa na nani. Wewe pata karatasi kwanza, mtoto utamwongeza." Tuliamini hivyo kabisa. Kwetu nyumba inaanza na chumba kimoja, vingine unaviongeza ukipata nafasi, na tulidhani fomu nayo iko vivyo hivyo. Nikaandika sina. Fomu ya pili ilipokuja, ningesemaje kwamba ninaye? Nikaandika sina. Ya tatu, sina. Ya nne ndiyo iliyonipa uraia, na nilitia sahihi kwa mkono uliotulia. Nimezoea kumlaumu Method, lakini Method alinishauri mara moja tu. Hizo tatu nilijishauri mwenyewe.

Basi. August tulimpata kidogo kidogo. Kwanza kwenye orodha ya wasafiri wa bandari ya Göteborg, mwezi Mei 1868. Kisha kwenye sensa ya Marekani ya 1870, kibarua kwenye shamba la mtu huko Minnesota. Hakuzama, mwongo. Anton alicheka siku hiyo mpaka akakohoa. Halafu akaagiza nakala ya jalada la ardhi, na Jumanne moja likaingia kwenye kompyuta.

Enzi hizo serikali ya Marekani ilikuwa inawagawia watu ardhi. Unalima miaka mitano, kisha unaitwa ofisini, unaapa na kujibu maswali mbele ya mashahidi. Nikaanza kumsomea Anton, nikitafsiri kutoka Kiingereza. Swali la kwanza, jina na umri. La pili, shamba liko wapi. La tatu, amejenga nini: nyumba ya magogo yenye dirisha moja, zizi, kisima. Anton alikuwa ameinamisha kichwa, anatabasamu, anaiona nyumba ile.

Swali la nne: Umeoa au hujaoa, na familia yako ina nani na nani?

Jibu lilikuwa limeandikwa vizuri, kwa wino mweusi. Sijaoa. Niko peke yangu.

Chini yake aliapa shahidi, mtu wa parokia ileile ya Småland, kwamba anamjua August tangu utotoni na kwamba aliyoyasema ni kweli.

Method wake huyo. Jiko la Jordbro, kidole kwenye karatasi, kikombe cha chai pembeni. Nikajaribu kulisoma lile jibu kwa sauti na mdomo ukakataa, kwa sababu ningekuwa nalisema kwa kinywa changu mwenyewe.

"Mbona umenyamaza?" Anton akauliza.

"Mwandiko mbaya," nikasema. "Anasema ameoa. Mke, Kristina. Watoto wawili, Karl na Ida. Wako Sweden, anawasubiri."

Anton aligeuza uso upande ili anione, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta. "Alituandika," akasema. "Clement, alituandika." Akanishika mkono. Nikamwachia, maana ningefanya nini, na nikaondoka nikiwa nimesahau hata kumpa dawa ya jioni.

Jumatano sikuwa na zamu kwake. Nilimwogesha mama mmoja huko Sundbyberg nikamvalisha soksi mbili mguu mmoja. Nilijitetea vya kutosha: ni mzee, ana furaha, August ni mifupa tu, namdhuru nani? Halafu nikamkumbuka Kristina. Na yeye hakuna aliyetaka kumuumiza. Hata yule shahidi lazima alikuwa anapokea barua kutoka nyumbani, na hakuandika neno.

Alhamisi nilimkuta Anton amevaa shati jeupe. Alikuwa ameshampigia simu mchonga mawe. Jina, mwaka, na neno mume. Mchongaji angeanza Jumatatu.

Sikuvua hata koti. "Anton, juzi nilikusomea uongo."

Akageuza uso. "Uongo wa wapi?"

"Swali la nne. Alisema hajaoa. Alisema yuko peke yake."

Friji ilikuwa inanguruma jikoni. Nilingoja anifukuze, na nilitamani anifukuze.

"Soma," akasema. "Safari hii soma kilichoandikwa."

Nikasoma, kwanza Kiingereza chenyewe, kisha nikatafsiri. Nikamsomea na shahidi. Akaniambia niendelee mbele, kwenye sensa ya 1880, ambayo tulikuwa hatujaifungua. August yuko palepale shambani. Mke, Mary, miaka ishirini na minne. Mtoto mmoja, msichana, miaka mitatu.

"Anaitwa nani?"

Nilitamani pawe na wino uliomwagika. "Ida."

Bibi yake Anton wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita, mtumishi wa ndani kwa watu, na mama yake anakataa kuitwa mjane. Anton alipofungua mdomo, hakuwa anazungumza na mimi hasa.

"Wangemwambia tu. Mtu mmoja angeandika barua, mistari miwili. Angelia mwaka mzima, kisha angeishi." Akapapasa meza akaipata simu yake, akanipa. "Mpigie yule wa mawe. Mwambie Kristina abaki peke yake." Nikapiga. Nilipomaliza, akasema, "Kwa nini ulinidanganya?"

"Mimi nami nilijaza hivyo," nikasema. "Nina binti."

Hakunisamehe wala hakunitukana. Aliuliza ana umri gani, nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, Oktoba mpaka Novemba. "Basi unafanya nini hapa?" akasema.

Nilikaa kwenye benchi la stesheni ya Vällingby, nikapiga simu. Bukoba jioni ilikuwa inaanza, nikasikia sufuria na watoto wa Gaudiosa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Uko peke yako? Toka nje kidogo."

Akatoka. Nikamwambia vyote. Kwamba nitaomba kibali chake wiki hii. Kwamba wataniuliza kwa nini hayumo kwenye karatasi zangu, na nitajibu kweli, na huenda ikaniharibikia mimi, huenda ikatuharibikia wote wawili. Kwamba mara nne niliulizwa kama nina mtoto na mara nne nikasema sina. Treni ikaja, ikaondoka. Nilimwomba radhi. Hata mimi niliona neno hilo ni dogo.

Nikasikia hatua zake zikisogea mbali zaidi na nyumba.

"Na vyeti vyangu vya shule watavitaka?" akauliza.

"Watavitaka. Kwa nini?"

"Kwenye fomu ya kujiunga kidato cha tano kuna mahali pa baba. Yuko wapi, anafanya kazi gani, aje mkutano wa wazazi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayenitajia bei ya vitunguu. "Niliandika marehemu. Ilikuwa rahisi."

Treni nyingine ikaja, ikafungua milango, ikafunga. Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili. Nikamwambia kila kitu kinaweza kuandikwa upya, cha kwake na cha kwangu.

"Sawa," akasema Veneranda. "Anza wewe."