Waliokatwa Pichani

Jumatatu moja ya mwaka 2007, saa tatu kasorobo asubuhi, Bhanu alipanda ngazi hadi duka lake la uchapaji, ghorofa ya pili, Westlands, akiwa amekumbatia sanduku jeupe. Aliliweka mezani kwa Milcah Mwelu na kupangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Milcah, hii ni Mac. Shemeji yangu ametoa Dubai," alisema. "Ile Windows sasa iende kupumzika. Wewe hamisha kila kitu. Usiache hata moja, yote iko kazi ya duka."

"Kila kitu, boss?"

"Kila kitu."

Kazi ya Milcah ilikuwa kutengeneza vijitabu vya mazishi, vile vya karatasi ya kung'aa ambavyo waombolezaji hugawiwa, vyenye picha ya marehemu, wasifu wake na orodha ya watoto aliowaacha. Miaka sita alikuwa ameifanya kwenye kompyuta iliyonguruma kama kinu cha mahindi na kuzimika kila alipokaribia kumaliza. Sasa alifunua kifuniko cheupe, mashine ikaitika kwa sauti moja nzito, tamu, naye akacheka peke yake. Alitafuta kitufe cha kubofya cha kulia, hakukiona, akasamehe. Waya wa umeme ulijishika wenyewe kwa sumaku. Aliuchomoa na kuurudisha mara saba, kwa raha tu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwa siku hiyo Milcah hakuona kidonda popote.

Kufikia saa saba alikuwa amehamisha kila kitu, pamoja na pipa la takataka la ile Windows, ambalo hakuwahi kulimwaga hata mara moja. Agizo ni agizo. Alilifungua na kurudisha vyote vilivyokuwemo. Ni hivi: marehemu wengi hawana picha ya peke yao. Huletwa wakiwa harusini au kwenye mahafali, wamebanwa na watu kila upande, na Milcah humkata marehemu akamweka ukurasani, wale wengine akawatupa pipani.

Saa nane waliotupwa walianza kuingia dukani. Askari wa mlango wa chini aliwaandikisha wote kwenye kitabu cha wageni, na mahali pa kuandika "unatoka wapi" wakaandika "pichani". Alitangulia mwanamke aliyevaa gauni la harusi lenye mabega mapana, akauliza kama amechelewa. Wakafuata wanaume watatu wenye suti za kahawia, mpiga ngoma, na mbuzi aliyekuwa ameharibu picha ya mchungaji fulani. Milcah aliwavutia benchi na kuwachemshia chai. Bhanu alipotoka ofisini aliwahesabu, akasema mbuzi asikaribie karatasi.

Jumanne asubuhi aliingia msichana wa miaka sita aliyevaa sweta ya buluu yenye kifungo kimoja cheupe. Milcah alikijua kifungo kile. Mama yake alikuwa amekishona usiku wa kuamkia maonyesho ya kilimo ya Jamhuri, mwaka 1984, kwa sababu cha buluu kilipotea.

Habari ya picha hiyo ilikuwa fupi. Mwaka uliopita, mteja mmoja wa Lavington, Ndeti Makau, alileta kazi ya mazishi ya baba yake. Kwenye picha mzee alikuwa akicheka karibu na zizi la maonyesho, na kando yake, juu ya ubao, amesimama mtoto aliyemshika bega. "Toa huyo mtoto," Ndeti alisema. Ndivyo Milcah alivyopata habari kwamba baba yake amekufa. Baba huyo alikuwa na nyumba ya ukuta Lavington alikoishi na mkewe, na chumba kimoja mtaa wa Satellite walikoishi Milcah na mama yake, alikokuja Jumapili, mpaka siku alipoacha kuja. Milcah alimtoa mtoto. Kazi ni kazi.

Sasa mtoto alikuwa hapa, akinywa chai kwenye sosa.

"Baba alikuwa anacheka nini?" Milcah alimuuliza.

"Nilimwambia ng'ombe dume anafanana na Chifu," mtoto alisema. "Akasema nikimaliza shule atanipa huyo ng'ombe."

Milcah alikuwa amelisahau jambo hilo kwa miaka ishirini na mitatu. Furaha ilimpanda mwili mzima hata akashindwa kukaa. Picha pekee duniani ambamo baba yake alicheka, na aliyemchekesha ni yeye! Alirudi kwenye Mac, akaifungua picha nzima, mzee na mtoto, rangi zikiwa mbichi. Ndeti alikuwa ameagiza kijitabu cha kumbukumbu ya mwaka mmoja. Milcah aliiweka picha ile kwenye jalada, na chini ya watoto wa marehemu akaandika: Ndeti, Debra, Haron na Milcah. Alitaka hicho tu, kuwa ukurasa mmoja na baba yake, mara moja. Siku mbili alifanya kazi akiimba.

Alhamisi Ndeti alifika. Alimruka mbuzi, akawasalimu waliokaa, akampa msichana peremende.

"Mambo?"

"Mzuri," mtoto akajibu.

Ndeti alitazama kioo cha Mac kwa muda. "Hii mashine ni kali," alisema. Kisha akasoma orodha. "Umejiweka."

"Kumbe unanijua."

"Sote tunakujua. Unadhani mwaka jana tulipita wachapaji wote wa River Road tukaja huku bure? Tulitaka ujue mzee ameenda. Tungekuambia aje tena?"

Milcah aliligusa jina lake kiooni. "Basi nitatoa jina. Picha uniachie. Mimi ndiye niliyemchekesha."

"Najua. Ndiyo maana tunaipenda hiyo picha." Ndeti hakuwa mkali, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Lakini Mama yuko hai, na wageni watauliza. Mtoe, Milcah. Na mwaka huu utoe mpaka vidole. Mwaka jana vilibaki begani, Mama akakesha akiviangalia."

Ilikuwa mara ya kwanza ndugu yake kumwita kwa jina. Milcah alivuta kiti, akakata. Mac ilikuwa mahiri ajabu. Iliuona kila uzi wa sweta, ikafuta vidole vinne na kivuli chavyo, na bega la mzee likabaki safi, kama halikuwahi kushikwa. Akamburuta mtoto wa pichani hadi pipani. Mwaka uliopita, Windows ilikuwa imemuuliza kama ana hakika, na alilitazama swali lile mpaka Ndeti akakohoa. Mac haikuuliza. Kilisikika kishindo kidogo cha karatasi kukunjwa, basi.

"Asante," alisema Ndeti. "Kazi safi."

Mlango ulifunguka, akaingia msichana wa miaka sita mwenye sweta ya buluu. Yule wa kwanza alisogea kwenye benchi, akampisha akae.