Watu Wawili Ndani ya Shati Moja

Usiku wa kuamkia jana niliota niko kazini, na hilo halikunishangaza, maana ndoto za mtu wa mizani karibu zote ni za malori.

Naitwa Osmundi Mng'ong'o. Nina miaka ishirini na miwili katika mizani ya barabara kuu, huku Njombe, na saa ambazo sipimi malori nachunguza historia ya Wacheyenne, watu wa nyanda za majani za Amerika ya Kaskazini. Nilianza na kitabu kisicho na jalada ambacho dereva mmoja alikisahau ofisini. Huko kwao sijawahi kufika. Ndege yenyewe sijawahi kuipanda. Lakini nina kadi mia mbili na kumi na nne kwenye katoni tatu za majani ya chai, mtu mmoja kadi moja, na kutokana na kadi hizo nimeandika kijitabu cha Kiswahili cha watu wao mashuhuri. Kilikuwa kiende kwa mpiga chapa jana asubuhi.

Wa kwanza kijitabuni ni Atembeaye na Mvua. Huyu ndiye fahari yangu. Kwa jinsi nilivyomwandika, alipigana vita vinne, akawa mkalimani, akafuga ng'ombe, akafariki akiwa na miaka mia na kumi na nne na meno yake yote. Mke wangu Vumilia alipomsoma alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Baba Tuzo, huyu mtu wako kweli alikuwa mmoja?"

Nikamwambia watu wa zamani walikuwa wagumu.

Jambo la pili lazima niliseme, ingawa linanitia aibu. Kule Montana yuko Bi. Lavinia, mwalimu mstaafu, mjukuu wa Atembeaye na Mvua. Tumeandikiana kwa miaka mitatu. Mwaka huu aliniuliza kwa upole babu yake aliwezaje kupigana vita miaka kumi na miwili kabla ya kuzaliwa. Nikamjibu kwamba nalifanyia kazi. Barua yake iliyofuata ilikaa wiki tano juu ya kabati bila kufunguliwa. Niliiogopa, basi.

Sasa ndoto. Ni saa sita mchana, jua linawaka, na barabarani hakuna lori hata moja. Anakuja mtu mmoja kwa miguu. Akikaribia naona ni wawili ndani ya shati moja: mzee wa nywele nyeupe zilizosukwa, na mwenzake wa makamo mwenye kofia pana na tai. Kila mmoja ana mkono mmoja tu wa shati, kwa hiyo wanatembea kwa shida, kama wanafunzi waliofungwa miguu pamoja siku ya michezo.

Wanapanda kwenye mizani.

"Simameni hapo," mizani inasema. Kwa miaka ishirini na miwili haijawahi kusema neno, lakini sauti yake ndiyo hasa niliyoitarajia, ya mtu aliyeungua ulimi kwa uji. "Uzito umezidi. Watu wawili, jina moja."

"Ni mtu mmoja," nasema. "Mtu mmoja kadi moja. Hiyo ndiyo sheria yangu."

"Naijua. Ndiyo maana wamevalishwa shati moja."

Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba kwa lafudhi ya Njombe kabisa. Sikuona ajabu. Nikamwomba kitambulisho.

"Jina lilikuwa langu," akasema. "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Aliporudi salama kutoka safari yake ya kwanza ya vita, nikampa."

"Ulimpa nakala?"

"Jina halina nakala, mwanangu. Nilimpa, likaenda naye."

"Na wewe ukabaki na nini?"

"Hapo umeuliza," mzee akasema. "Nimekusubiri miaka mitatu uulize."

Desturi hiyo naijua. Nimeiandika mwenyewe ukurasa wa nne wa kijitabu: mtu mzima huweza kumpa kijana wa ukoo wake jina lake, kisha yeye akatafuta jingine. Nimeiandika ukurasa wa nne, na ukurasa wa tano nimeisahau. Au tuseme ukweli, sikuisahau. Nilimtaka mtu mkubwa wa kufungulia kijitabu, na hawa wawili, kila mmoja peke yake, niliwaona wadogo.

"Shahidi," mizani ikasema. "Nani aliona miaka mia na kumi na nne?"

Hapo akatokea bwana mmoja nadhifu mwenye mwavuli. Nilimfahamu mara moja. Anaitwa Inasemekana, na nimempa kazi mara thelathini na moja katika kijitabu changu.

"Ulikuwepo?" mizani ikamuuliza.

"Nilikuwa karibu."

"Karibu na wapi?"

"Karibu na waliokuwepo."

"Panda."

Bwana Inasemekana akapanda na mwavuli wake. Sindano haikutikisika. Akaruka ruka kidogo kuisaidia. Sifuri. Mizani ikamwambia ashuke, na iwapo ana ndugu zake wengine kijitabuni awachukue aende nao. Yule mzee alimtazama kwa huruma. Kwao, alinieleza, mtu aliyesimulia ushujaa bila wa kusema "mimi niliona" alikuwa akijiaibisha mbele ya wote.

"Na aliyesimulia ushujaa wa mwenzake bila shahidi?" niliuliza.

"Huyo hatukuwahi kuwa naye," mzee akasema. "Wewe ni wa kwanza."

Nilipogeuka, ofisi haikuwepo tena. Ni nyika ya majani mpaka upeo wa macho, upepo unavuma, na katikati ya majani kuna kabati letu la sebuleni, na Vumilia amekaa kwenye katoni ya kadi anamenya viazi.

"Watu wako wamefika," anasema bila kuinua kichwa. "Miaka yote nauliza watakuja lini, na leo wamekuja huna hata kiti. Karibuni, kaka zangu. Baba Tuzo, uzito umezidi. Shusha mmoja."

"Nishushe mimi," yule wa makamo akasema haraka. Hakuwa amesema lolote mpaka hapo. "Mimi nilifuga ng'ombe na kutafsiri maneno ya watu wengine. Mwache mjomba na vita vyake. Mjukuu wangu Lavinia ana moyo mkubwa, atanisamehe."

"Nishushe mimi," mzee akasema. "Huyu anatafutwa. Mimi sina jina, na asiye na jina hakuna wa kumtafuta."

Nililia. Nimeshusha magunia ya watu wengi bila kupepesa jicho, hata wa kwetu, lakini hapo nililia kama mtoto, na mizani ikanisubiri nimalize. Basi nikachukua kisu cha Vumilia cha viazi na kulichana lile shati kutoka ukosi hadi pindo. Yule wa makamo akanyoosha bega kwa mara ya kwanza, likalia kama bawaba kavu. Nikafungua katoni, nikatoa kadi isiyoandikwa kitu.

"Mzee, baada ya kumpa jina, wewe uliitwa nani?"

"Mikono Mitupu," akasema. "Walinitania: tazama, amegawa mpaka jina, amebaki na mikono mitupu. Nikalipenda. Nilikaa nalo mpaka mwisho."

Nikaandika. Mizani ikasoma, ikasema, "Pita. Na mwenzako, pita." Wakashuka upande wa pili, kila mtu na nusu ya shati lake na miguu yake miwili, wakaenda zao katika majani bila kuniaga. Hawakuwa na sababu ya kuniaga.

Niliamka kumekucha, Vumilia yuko jikoni. Sikunawa uso. Nilimpigia simu mpiga chapa nikamwambia asubiri, akauliza mpaka lini, nikasema mpaka nitakapowatenganisha watu wawili. Akasema sawa. Kisha nikaketi mezani, nikachukua kadi mpya, ya mia mbili na kumi na tano, nikaandika: Mikono Mitupu.

Vumilia akasimama nyuma yangu na kisu mkononi.

"Huyu ni nani?"

Nikamsimulia ndoto yote. Alicheka penye Inasemekana, akanuna penye viazi.

"Kwa hiyo umemfukuza yule bwana wa mwavuli," akasema, "na sasa unaandika watu kutoka usingizini. Shahidi wako nani?"

Mkono ulishaikamata kadi kuichana, maana alichosema ni kweli, nami sikutaka kumtendea yule mzee hivyo mara ya pili. Ndipo Vumilia akapanda kwenye kigoda, akashusha kutoka juu ya kabati ile bahasha ya Bi. Lavinia. Akaifuta vumbi kwa kanga. Akaikagua gundi pande zote, kama mimi ninavyokagua lakiri za makontena, kuona kama haikuguswa. Haikuguswa. Akaichana kwa kile kisu na kuiweka mbele yangu.

"Soma kwa sauti. Kwa Kiswahili."

Nikasoma. Bi. Lavinia alinisalimu, akauliza hali ya mvua, akasema hana hasira nami. Babu yake, aliandika, alifariki akiwa na miaka sitini na mmoja, na hakupigana vita vinne. Aya ya tatu ilikuwa fupi:

"Aliyepigana ni mjomba wake, aliyempa jina. Baada ya hapo mjomba aliitwa Mikono Mitupu mpaka alipofariki. Hakuna kitabu kilichomwandika. Mimi nimeambiwa na mama yangu, mama aliambiwa na babu, na babu alikuwepo."

Vumilia akavuta kiti, akaketi. Akaitazama kadi, wino wake bado haujakauka vizuri, kisha akaitazama barua.

"Rudia," akasema, "hapo penye jina."