Sketi za Rangi ya Majivu

Mimi na sketi nyeusi hatujawahi kupatana. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, mpiga chapa katika gazeti dogo la Kiswahili pale Nakuru, na kila Alhamisi safu moja ya ukurasa wa nne ilikuwa yangu. Niliandika habari za nguo: nini cha kununua, wapi, na namna ya kumzuia muuzaji asikubambikie kile kilichomlalia dukani. Jina langu, Jelagat, halikuonekana popote. Chini ya safu palichapishwa "Mama Nakuru", kwa sababu mhariri wetu, Bwana Owuor, aliamini kina mama hawawezi kukubali kufundishwa kuvaa na msichana ambaye hata hajaolewa. Mama Nakuru alisifiwa kutoka Keringet mpaka Naivasha. Mimi nilichemsha chai ya ofisi.

Maoni yangu nilikuwa nayo tele, na sikuyatoa kwenye magazeti ya Kizungu. Nilisema mwanamke hahitaji kabati lililojaa. Anahitaji blauzi nyeupe ya pamba isiyoonyesha maungo juani, sweta nzito maana baridi ya Molo haina huruma, viatu vinavyoweza kushonwa upya soli, na sketi moja nzuri yenye upindo mpana ili iteremshwe mwili ukibadilika. Nilisema usinunue nguo ukiwa na njaa wala ukiwa na hasira. Nilisema kitambaa kikunjwe ndani ya ngumi, kikitoka na makunyanzi kama uso wa mtu aliyeonja ndimu, kirudishwe kwenye rafu. Watu walikubali yote hayo. Walinikatalia jambo moja tu, nalo ndilo nililoliamini kuliko yote.

Miaka ile ziwa la Nakuru lilikuwa limerudi nyuma sana, likaacha uwanja mpana wa magadi meupe. Majira ya kiangazi, mchana baada ya chakula, upepo uliinuka huko ukaumwagia mji vumbi kama unga wa ngano. Liliingia kwenye sufuria, kwenye masikio, kwenye Biblia. Na bado mwanamke wa Nakuru akitaka kupendeza alinunua sketi nyeusi! Mji mzima ulishinda ukijikung'uta mapaja, kisha Jumamosi ukaenda dukani kununua nyeusi nyingine, kwa sababu nyeusi ndiyo ya heshima na ndiyo inayovaliwa Nairobi. Dirisha langu la ofisini lilitazama barabara, nikayaona hayo kila siku mpaka nikataka kupiga kelele. Niliandika: vaeni rangi ya majivu. Wakacheka.

Basi wiki chache kabla ya mashindano ya kwaya za makanisa, aliingia ofisini mama mmoja mwenye mabega mapana na kikapu mkononi. Alikuwa ametoka Kabazi.

"Nataka kuona Mama Nakuru," akasema.

"Ni mimi, mama. Karibu."

Akatazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. "Nimesema mama," akarudia polepole, kama mtu anayeongea na kiziwi.

Ilinichukua muda kumshawishi. Jina lake lilikuwa Wangeci, lakini kila mtu alimwita Mama Mburu, na yeye ndiye aliyeongoza kwaya ya wanawake wa kwao. Walikuwa hawajawahi kushona sare. Miaka yote waliimba vizuri wakashindwa kwenye alama za unadhifu, maana kila mmoja alikuja na leso yake na viraka vyake. Sasa walikuwa wamechanga pesa zao za maua ya pareto, na wenzake walikuwa wamemtuma kwa mtu mmoja tu waliyemwamini.

"Wamesema nisinunue hata uzi kabla Mama Nakuru hajaongea," akasema, akinitazama kwa huruma. "Sasa nitawaambia nini?"

Nilivaa sweta yangu nikamwambia twende.

Duka kubwa la nguo lilikuwa karibu na stesheni. Mwenyewe, Mhindi mmoja, alitandaza kitambaa cheusi juu ya meza kabla hatujafungua mdomo.

"Hii ndio mzuri, mama. Kwaya yote nachukua hii."

"Ile ya majivu," nikasema, "iko huko juu."

"Ile? Ile watu nashonea pazia!"

Nikaomba kuipeleka mlangoni tuione kwenye jua. Akakataa. Siku hizo kitambaa hakikutoka mlangoni kwa mikono ya Mwafrika kabla ya kulipiwa, na nguo ya kuvaa hukuijaribu. Ulikadiria kwa macho ukaomba Mungu. Damu ilinichemka. Nikamwambia ashike upande mmoja nami nishike mwingine, kama anaogopa nitakimbia nacho. Mama Mburu akaangua kicheko, na mwenye duka, kwa aibu, akatufuata na vitambaa vyote viwili.

Mlangoni nilipitisha kiganja juu ya kizingiti cha dirisha kikatoka cheupe. Nikakipaka kwenye cheusi: vidole vitano vikasimama pale kama picha. Nikapaka kwenye cha majivu. Mama Mburu akainama, akatafuta, akageuza, akatafuta tena.

"Imeenda wapi?"

"Imo humo humo. Lakini nani ataiona?"

Akakikunja ndani ya ngumi, akakifungua. "Msichana, hii kitu inafanana na gunia."

"Inafanana na Nakuru, Mama Mburu."

Akanunua. Nikampa na mengine: vitambaa vyeupe vya kichwa, na raba nyeupe zilizopakwa chokaa badala ya viatu vyeusi. Nilimsindikiza kwa macho akiondoka na mzigo wake. Wale wanawake walivuna pareto kwa mgongo ulioinama, na sasa pesa zao zote zilikaa juu ya neno langu.

Mwenye duka hakupoteza wakati. Tangazo lake la sketi nyeusi lilichapishwa ukurasa uleule wa safu yangu, na alifika kwa Bwana Owuor kuuliza kwa nini analipia gazeti linalomharibia biashara. Jioni mhariri aliniita.

"Jelagat, hawa watu ya Kabazi wakichekwa, Mama Nakuru amekufa. Nitaandika amehamia kwa watoto wake Kitale. Na wewe utarudi kwa mashine yako kabisa."

"Na wakipendeza?"

"Wakipendeza nini?"

"Utaandika jina langu."

Alinitazama, akacheka, akanyoosha mkono. Alidhani hapotezi kitu.

Siku ya mashindano ilipambazuka shwari. Hakuna jani lililotikisika. Jukwaa lilikuwa nje, mbele ya kanisa, na kwaya zilipita moja baada ya nyingine katika sketi nyeusi zilizong'aa kwa pasi. Zilipendeza, sina budi kusema kweli. Kabazi walipoingia uwanjani kungoja zamu yao, watu waliguna, halafu wakacheka wazi.

"Magunia ya Kabazi!" kijana mmoja akapaza sauti, na uwanja ukavunjika mbavu.

Nilitamani ardhi inimeze. Wanawake walishikana mikono, wakatazama chini kwenye raba zao. Bwana Owuor, aliyekaa na waalikwa, hakunitazama kabisa.

Ndipo akaja Sally. Sally aliongoza kwaya ya mjini. Alikuwa amesoma Nairobi, na kiuno chake kilikaa kwenye ile sketi nyeusi kama kilichorwa. Hakuwa na roho mbaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Poleni jamani," akamwambia Mama Mburu. "Kwaya moja imeshamaliza kuimba, wako tayari kuwaazima sketi zao. Mbadilishe haraka, hakuna mtu atawacheka."

Wanawake wote walimgeukia Mama Mburu. Mama Mburu akanigeukia mimi.

"Unasemaje?"

Ningesema "badilisheni", wangeimba kwa amani na mimi ningerudi kwa mashine yangu, basi. Nilitazama juu. Mbingu ilikuwa bluu tupu. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye dirisha lile viangazi viwili, na nililijua ziwa kama mke anavyojua hatua za mumewe.

"Msivue," nikasema. "Mnaimba baada ya chakula. Msivue hata kama watawarushia mawe."

"Umesikia," Mama Mburu akamwambia Sally. "Asante, dada. Tutakaa hivi."

Baada ya chakula kwaya ya mjini ilipanda jukwaani ya kwanza. Walipoanza ubeti wa kwanza, turubai la waamuzi lilitikisika. Kwenye ubeti wa pili vumbi lilitokea juu ya mapaa ya mabati, jeupe, likatambaa bila haraka, kisha likaanguka.

Mwenyezi Mungu anisamehe, nilisimama juu ya benchi ili nione vizuri. Zile sketi nyeusi ziligeuka kijivujivu, halafu nyeupe kwenye mikunjo. Mwanamke mmoja akajikung'uta paja, akaacha alama ya kiganja. Jirani yake akajikung'uta, naye akaacha yake. Yule wa mwisho alilowesha leso kwa mate akasugua, na magadi yakawa uji. Sauti zilikuwa zao, lakini mikono ilikuwa imeshasahau wimbo. Waliposhuka walionekana kama watu waliofukuzwa kinuni wakisaga unga, na viatu vyao sitaki hata kuvisema.

Kabazi wakapanda katikati ya upepo uleule. Vumbi liliwamwagikia vilevile, wala halikuwabagua. Lakini hakuna aliyeliona. Blauzi zilikuwa nyeupe, vitambaa vyeupe, raba nyeupe, na sketi zilikuwa za majivu safi zenye mikunjo iliyonyooka kama zimetoka kwenye pasi. Hakuna mkono hata mmoja uliotikisika kujikung'uta. Walisimama wima wakaimba kwa sauti zao zote, na uwanja uliokuwa ukicheka ukanyamaza. Yule kijana wa magunia alikuwa akifuta macho, na sijui kama lilikuwa vumbi peke yake.

Nililia bila aibu. Nililia mpaka magadi usoni yakafanya mifereji.

Walishinda alama za unadhifu, na kwa sababu sauti zao siku zote zilikuwa nzuri, walishinda kikombe pia. Mchungaji aliwaomba waseme neno. Mama Mburu alikishika kikombe kwapani kama kuku wa sokoni, akasogea mbele.

"Mimi si mtu ya maneno mingi," akasema, kisha akasema mengi sana, kuhusu Mungu, pareto, na watu wanaocheka wenzao. Halafu akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye benchi langu. "Na nyinyi mnasoma Mama Nakuru, mnafikiria ni mzee fulani mwenye miwani. Mama Nakuru ni yule pale. Anaitwa Jelagat. Simama, mwanangu, wakuone."

Nilikuwa nimeshasimama. Vichwa vyote viligeuka.

"Huyu mtoto?" mama mmoja mbele yangu akashangaa. "Huyu ndiye aliniambia niteremshe upindo?"

"Huyo huyo," Mama Mburu akajibu kutoka jukwaani, na makofi yakalipuka kuliko hata ya kikombe.

Bwana Owuor alipenya watu mpaka akafika kwangu, kofia mkononi, suti yake nyeusi ikiwa haitambuliki. Nyuma yake niliona mwenye duka akijitahidi kumfikia, akiuliza kama bado kuna nafasi ya tangazo la Alhamisi, la kitambaa cha majivu. Mhariri hakumsikia, au alijifanya.

"Sawa," akaniambia. "Alhamisi. Niandike Jelagat peke yake, ama na jina ya baba?"

"Jelagat Kimaiyo," nikasema. "Herufi kubwa, Bwana Owuor. Na iwe juu ya safu, isiwe chini."