Mistari Sita Mlangoni

Asubuhi ile Namalwa alipofungua mlango kwenda kumwaga majivu, alikuta mistari sita ya chokaa imechorwa kwenye ubao, karibu na bawaba, mirefu kama vidole. Aliihesabu, akairudia tena. Kisha akarudi ndani na majivu yake na kusukuma komeo.

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja katika landhi ya reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi, Nakuru. Katika kadi iliyokaa ofisini kwa mnyapara, chumba hicho kilikuwa na watu watano: Nyongesa mumewe, aliyechochea moto wa treni za Kisumu, yeye Namalwa, na watoto watatu. Wa sita alikuwa amelala nyuma ya pazia, juu ya gunia la nyasi, na hakuwa ameandikwa popote.

Huyo wa sita alikuwa Wangare, mama mzee wa Kikuyu aliyebakiwa na meno mawili. Ndiye aliyemzalisha Namalwa watoto wote watatu. Yule wa pili alipotaka kutoka miguu mbele, Wangare alihangaika naye siku nzima, na alipomaliza akakataa hata kipande cha sabuni. Siku ya msako wa serikali, Wakikuyu wenzake walipopakiwa kwenye malori ya kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa, yeye alikuwa huku landhi akimkanda mzazi. Aliporudi kwake alikuta mlango umepigiliwa misumari. Pasi, kile kibali cha Mkikuyu kukaa mjini, hakuwa nayo. Namalwa akamtwika mzigo wa kuni kama kibarua, akamwingiza ndani mchana kweupe. Miezi minne ilikuwa imepita. Akionekana, bibi angepandishwa lori, na jamaa yote ya Nyongesa ingetolewa landhi siku hiyohiyo.

Wangeweza kuendelea hivyo, lakini mwaka huo wa 1957 homa ilipanda treni huko pwani ikashuka Nakuru pamoja na abiria. Watu walianguka nyumba kwa nyumba, na Wangare akaanza kukohoa. Ukuta wa landhi ulikuwa mwembamba. Namalwa akatafuta njia: kila bibi alipokohoa, naye alikohoa kwa sauti kubwa zaidi, mpaka safu nzima ikamhurumia.

"Pole, Mama Naliaka!" jirani yake Mama Ogola alimwitia kupitia ukutani. "Hicho kifua kitapasuka!" Na kabla homa haijamwangusha yeye mwenyewe, alikuwa amemletea ndimu mbili ndani ya kikombe.

Basi nani amechora sita?

Wenye biashara wa sokoni walikuwa na jambo lao. Walimu wawili wa shule ya landhi walikuwa wagonjwa, na watoto walifika darasani bila kula kwa sababu mama zao hawawezi kuinuka. Zeddy muuza uji akapeleka sufuria zake shuleni. Mhindi wa duka la kona akatoa sukari, Kemboi akaleta maziwa kutoka Rongai, na Ndung'u, muuza viazi wa Dundori, akatoa viazi na mkokoteni wa kubebea. Wakishawanywesha watoto, walizunguka na madebe katika nyumba za wagonjwa.

Namalwa hakuipenda habari hiyo. Watu ambao jana tu walikuwa wanabishana naye juu ya ukubwa wa fungu la mboga, leo wanagawa bure? Tena Naliaka, binti yake wa kwanza, alikuwa ameeleza kwamba kabla ya kupewa uji, kila mtoto anaulizwa kwao wako wangapi.

Sasa alimvuta mtoto karibu na dirisha.

"Ulisema wangapi?"

"Watano, mama."

"Hukumtaja shosho Wangare?"

"Sikumtaja. Nilisema watano, kama ulivyonifundisha."

"Nani aliuliza?"

"Yule wa viazi. Akasema sawa, watano. Halafu akacheka."

Ndung'u alikuwa Mkikuyu mwenye pasi mfukoni, akipita geti baada ya geti na wenzake wakiwa wameondolewa. Watu walinong'ona kwamba pasi haiji hivihivi. Wengine walisema siku ya msako yeye ndiye aliyevaa gunia lenye matundu mawili ya macho, asijulikane, akinyoosha kidole: huyu, na huyu. Hakuna aliyemwona, na hakuna aliyemtetea.

Namalwa alilowesha kitambaa akaifuta ile mistari. Alipomaliza alitazama safu yote, akaona kosa lake. Kila mlango ulikuwa na mistari, wa kwake peke yake ulikuwa mtupu, na mlango mmoja safi kati ya kumi na moja ungetazamwa kuliko wote. Akafunga kanga vizuri, akajifanya mwanamke mwenye bidii, akafuta milango yote kumi na moja.

Siku hiyo uji haukuja katika safu yao, naye akashusha pumzi. Siku ya pili ilipofika saa sita, alitambua kwamba mtoto mchanga wa Mama Ogola hajalia tangu asubuhi.

"Mama Naliaka," sauti ilisema ukutani, nyembamba kama ya mgeni. "Wale wa uji wamepita kwako?"

"Bado."

"Labda wametuchoka. Baba Ogola hainuki. Mimi moto umenishinda tangu jana."

Namalwa alichukua uji wa watoto wake akaupeleka pale mlangoni. Mama Ogola aliupokea kwa mikono miwili, akaanza kumwombea baraka. Namalwa hakungoja mwisho wa ile dua. Alikwenda moja kwa moja sokoni.

"Ala! Mama Naliaka!" Zeddy alipaza sauti kutoka nyuma ya sufuria. "Si tunaambiwa unakata roho kwa kikohozi? Umepona, ama umekuja kutuachia homa hapa?"

Wanawake wa mboga wakacheka. Namalwa akakohoa kidogo, lakini alikuwa amechelewa.

"Safu yetu mmeiruka," alisema.

"Safu ya nne? Tulikuta milango imefutwa. Si ndivyo tulivyoagana? Nyumba ikipona, wenyewe wanafuta mistari ya vikombe vyao, nasi tunapeleka kwingine. Milango kumi na moja kupona siku moja! Nikasema, hao wa reli wamepata dawa gani?"

Namalwa hakuwa amesikia makubaliano hayo, maana siku walipoyatangaza alikuwa amejifungia ndani. Alitazama chini. Zeddy naye akatazama chini, akaona chokaa iliyokauka ndani ya kucha za Namalwa. Alichovya kata, akajaza mkebe wa uji, akamwekea mikononi na kufunika zile kucha kwa viganja vyake.

"Mpelekee Mama Ogola ukiwa moto," alisema. "Kesho tutapita."

Njia ya kurudi ilipita mbele ya mafungu ya viazi.

"Leo viwili tena?" Ndung'u aliuliza. Alikuwa mtu mfupi, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi. "Mluhya na viazi! Ugali umekukosea nini?"

"Nipe viwili."

"Mwaka juzi ulisimama hapohapo ukaniambia viazi ni chakula cha watu walioshindwa kulima mahindi." Aliteremsha sauti. "Sasa miezi minne unanunua viwili kila siku, tena unataka vile vinavyolainika upesi. Watoto wako wana meno. Nyongesa ana meno, nimemwona akitafuna muwa."

Namalwa alitazama nyuma yake kama kuna anayesikia. "Nani amekutuma unihesabie watu?"

"Hakuna. Mimi kila siku nakutilia cha tatu, na wewe kila siku unakirudisha kwenye fungu ukidhani sioni. Lakini kikombe cha uji hakirudishwi kwenye fungu. Mgonjwa lazima awe na cha kwake."

"Mimi sina mgonjwa asiyejulikana."

"Sawa. Huna." Akacheka, na Namalwa akajua ndicho kile kicheko alichosimuliwa na Naliaka. "Kesho mnyapara anapita na kadi zake kuandika wagonjwa. Umesikia?"

Alichukua viazi viwili akaondoka. Njia nzima alijiuliza: lile lilikuwa onyo, au ndiyo bei ya kunyamaza inatajwa? Nyumbani alimweleza Wangare kila kitu, akasema heri wamtafutie mahali pengine.

"Wapi?" Wangare aliuliza. Alikohoa, Namalwa akamfuatia. "Mtu akijua, amejua, mwanangu. Nipe maji."

Asubuhi mistari ilikuwa imerudi. Sita. Namalwa alikuwa bado na kitambaa mkononi aliposikia buti za mnyapara kwenye changarawe. Alikuja na kadi chini ya kwapa, akagusa mlango kwa fimbo, mstari mmoja mmoja.

"Sita. Kadi yangu inasema watano. Wa sita ni nani?"

Nyuma ya pazia kikohozi kikaanza. Namalwa alikohoa juu yake, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kuigiza. Wakati huo mkokoteni uliingia katika safu. Zeddy alikuwa mbele, Ndung'u akisukuma. Namalwa alimtazama yule mtu wa viazi, akajisemea, ni sasa anamnyooshea bibi kidole.

"Mnyapara," Ndung'u alisema, akifuta jasho, "soma na mlango wa pili."

Mnyapara akausoma. Kwa Ogola kadi ilisema saba, mlango ukasema wanane. Uliofuata, wanne, mlango watano. Alikwenda hadi mwisho wa safu akarudi amekunja uso.

"Kila nyumba imezidi mmoja!"

"Kikombe cha anayeuguza," Zeddy alisema. "Anayeuguza wenzake anapata viwili, la sivyo naye ataanguka tumlishe kitandani. Ulidhani tumefanya nini, tumezaa watu usiku mmoja?"

"Nyinyi wa sokoni mna uji wa kumwaga."

"Hata kwako tumechora. Leta kikombe, acha maneno."

Mnyapara alijaribu kubaki na hasira, lakini uji ulikuwa na maziwa na ulikuwa wa moto. Aliunywa akiwa amesimama, akaandika watano, akasogea mlango mwingine.

Ndung'u akajaza vikombe sita juu ya kizingiti. Hakuinua macho kuelekea pazia hata mara moja. Namalwa alisimama akimtazama mikono. Kumi na moja, alikuwa akiwaza. Mimi nilifuta milango kumi na moja, yeye ameongeza mstari kwenye kumi na moja. Bado hakujua mtu huyu alipataje pasi yake. Huenda alikuwa anamweka bibi akiba kwa siku ya kuhitaji jina la kutaja kwa serikali. Kinywa chake kilifunguka kusema asante, kikasema, "Viazi vya leo, nitatuma mtoto."

"Vitatu?"

"Vitatu."

Alasiri mvua ilinyesha ya upepo, ikapiga milango moja kwa moja. Ilipokatika, chokaa yote ilikuwa imechuruzika chini. Watu wa uji wangekuja kesho na kusema safu ya nne imepona.

Namalwa alitoa kipande cha chaki katika mfuko wa Naliaka. Alichora mitano kwa haraka, kisha mkono ukasimama. Ndani, Wangare alikohoa. Namalwa alisikiliza kikohozi chote mpaka kikaisha, wala hakukohoa. Akachora wa sita.

Kisha akapangusa ubao wa Mama Ogola kwa ncha ya kanga, akaanza: saba, na mmoja.