Kundi la Pili

Wanaosema nilimvunjia Daktari heshima mbele ya watoto wanasema kweli, ila hadithi wanaianzia mwishoni. Mimi si mtu wa kununa. Nikikasirika nakasirika, na jirani wa nyumba ya tatu anajua. Lakini siku hiyo nilikuwa nimevumilia kwanza, tena sana, na hilo hawalisemi.

Nilikuwa nimejiunga na stashahada ya uzamili ya ufundishaji wa kusoma. Tulisoma Jumamosi na wakati wa likizo, walimu watu wazima tumebanana kwenye viti vyenye kibao cha kuandikia, magoti yanagongana, madaftari ya watoto yasiyosahihishwa yamejaa kwenye mikoba. Na nisikufuru, masomo yalikuwa mazuri. Kwa mara ya kwanza mtu alinieleza kwa nini watoto wangu wa darasa la pili wanaimba ubao. Mwalimu anaweka fimbo chini ya neno, darasa zima linapaza sauti, mwalimu anafurahi, kumbe nusu ya darasa inafuata mdomo wa jirani. Daktari, mhadhiri wetu, alitufundisha njia nyingine. Mtoto ajue sauti ya kila herufi, aziunganishe mwenyewe, kisha asome peke yake maneno ambayo hajawahi kuyaona. Nilikuwa narudi nyumbani nina hamu Jumatatu ifike, na hiyo kwa mwalimu ni habari.

Nilikuwa na sababu yangu pia. Binti wa mdogo wangu wa kiume alikuwa darasani kwangu, anarudia. Wenzake walimwita Kasuku, kwa sababu alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Ukimsomea ukurasa mara moja anakurudishia wote, koma na nukta, na herufi hata moja haijui.

Baba yake ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka uliopita alijigamba karakana nzima kwamba bintiye anasoma. Wenzake wakampa mtoto kipande cha gazeti kilichofungiwa misumari. Mtoto akakishika vizuri, akavuta pumzi, akasoma kwa sauti ya kujiamini kabisa hadithi ya sungura ya kitabu cha shule, mwanzo hadi mwisho. Gazeti lilikuwa la matangazo ya viwanja. Mafundi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mdogo wangu hakucheka.

"Dada," aliniambia jioni ile, "mwakani asiposoma namtoa. Atakaa nyumbani alee mdogo wake. Siwezi kumvisha sare mtu wa kuimba."

Mdogo wangu kichwa chake ni jiwe, na akisema amesema. Kwa hiyo nilipojifunza ile njia mpya nilimshukuru Mungu, nikajua mtoto amepona.

Halafu, kabla sijaanza kuitumia, ukaja mradi. Ili kuhitimu, kila mwalimu alitakiwa kuwachukua watoto wasiojua kusoma shuleni kwake na kuwagawa makundi mawili. Kundi la kwanza lifundishwe kwa njia mpya muhula mzima. Kundi la pili liachwe. Mwishoni wote wapimwe, tofauti iandikwe.

"Bila kundi la pili," Daktari alisema, "mtajuaje kwamba ni njia iliyofanya kazi, na si umri tu uliowasogeza? Ushahidi, walimu. Ushahidi." Tulikuwa tumeshambatiza Bwana Ushahidi, maana neno hilo halikumkauka mdomoni.

Ili tusipendelee, alikuja mwenyewe shuleni kupiga kura. Majina yakatiwa kwenye ndoo, akachovya mkono. Mtoto wa mdogo wangu akaangukia kundi la pili.

"Daktari," nikamwambia kando, "huyu baba yake anamtoa shule asipojua kusoma muhula huu."

"Pole sana, mwalimu. Ndiyo maana tunapiga kura."

"Basi nimfundishe nyumbani."

"Umeweka saini kwamba hutafanya hivyo. Muhula ujao mradi utakuwa umekwisha, mfundishe utakavyo."

"Muhula ujao hatakuwepo."

Alikuwa ameshafunga kalamu yake. Nikanyamaza, na watu wanaonijua wanaelewa kunyamaza kwangu kunagharimu kiasi gani.

Tukaanza. Kundi la kwanza ndani na mimi, kundi la pili barazani wanachora. Na njia ilifanya kazi, hilo ndilo lililonitia wazimu. Mtoto ambaye mwezi uliopita hakutofautisha a na o alisimama akasoma maandishi ya boksi la chaki bila kuambiwa, akageuka kunitazama kama aliyeshikwa na wizi. Nilicheka, kisha nikatazama nje. Wale wa barazani wanachora nyumba. Kila siku nyumba.

Siku moja nikaona utosi wa Kasuku chini ya dirisha. Alikuwa amesogeza mkeka wake hadi ukutani, na midomo inachezacheza. Nilisema "mmm", naye kule nje anasema "mmm". Sikumfukuza. Nikaongeza sauti. Angeniuliza mtu, ningemwambia nina mafua.

Daktari akaja kukagua. Akakaa nyuma ya darasa, magoti kidevuni kwenye kiti cha mtoto, anaandika na kutikisa kichwa kwa furaha. Ghafla akaacha kuandika.

"Yule pale dirishani ni wa kundi gani?"

"La pili."

"Anasikia somo."

"Ana masikio, Daktari."

"Mwalimu, yule anachafua data."

Nimefundisha muda mrefu, na nimesikia watoto wakiitwa mengi. Wazembe, vichwa maji, mizigo. Uchafu sikuwahi. Na alilisema kwa upole, bila kinyongo chochote, kama mtu anayekuambia una chaki shavuni. Akatoka mwenyewe, akainama, akamwambia mtoto kwa tabasamu, "Binti, chukua mkeka wako ukakae kule nyuma ya tangi la maji."

Mtoto akaanza kukunja mkeka. Hakulia. Alinitazama tu kupitia dirishani, akauliza, "Shangazi, nimekosea nini?"

Nikaweka chaki chini, nikaenda mlangoni. "Kundi la pili, wote ndani. Wewe rudisha huo mkeka, ingia." Hawakuingia. Walimtazama Daktari, maana ndiye mwenye tai. "Nimesema wote ndani." Wakaingia wakibanana, wakakaa sakafuni.

"Mwalimu," Daktari akasema taratibu, "ukifanya hivi huna mradi."

"Sina."

"Mimi si mtu mbaya. Matokeo haya yatasaidia watoto maelfu."

"Hawa hawamo kwenye hayo maelfu? Na kama hujui kama njia inafanya kazi, mbona umetufundisha Jumamosi zote zile kama dawa? Unajua inaponya. Unataka tu kuona asiyepewa atakufaje."

"Hizo ni hisia."

"Ndiyo, ni hisia. Una watoto, Daktari?"

"Wawili."

"Nichagulie mmoja akae nyuma ya tangi."

Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akakusanya karatasi zake. Nikamwambia mkuki kwa nguruwe, na nikasema kwa sauti iliyowatoa walimu wa darasa la tano kuja kuchungulia. Hapo ndipo hadithi yao inapoanzia, hao wanaonisema.

Muhula uliobaki nilifundisha wote. Kasuku alinitesa. Kila nikimpa kitabu, anasikiliza mwenzake akisoma, kisha analeta kumbukumbu yake na kuniimbia. Mwisho nikaficha vitabu vyote nikamwandikia maneno yasiyokuwepo duniani. Bosuku. Temiva. Galoni nikalikataa, nikakumbuka lipo. Huko kumbukumbu haikuwa na pa kushika.

"Haya hayana maana, shangazi," akalalamika.

"Ndiyo uzuri wake. Soma."

Alisoma kwa hasira, kidole kimebonyeza karatasi mpaka kucha imekuwa nyeupe. Hasira hizo ni za kwetu, sikumlaumu.

Mradi nao niliuwasilisha hivyo hivyo. Niliwapima watoto wote, nikaandika ukweli, nikasimama mbele ya jopo nikausema. Daktari aliandika, hakuniuliza swali. Wakaniambia nisubiri ujumbe.

Siku ya kufunga shule, mwalimu mkuu akawapima watoto mwenyewe kwa kitabu kipya. Mtoto wetu akapita, polepole, akikwama na kuendelea. Jioni nikaenda naye kwa baba yake nikiwa na furaha zangu.

"Amesoma nini?" mdogo wangu akauliza, bado ana mavumbi ya karakana.

"Kitabu kipya. Hajawahi kukiona."

"Mlimsomea kwanza."

"Hatukumsomea."

"Dada, mimi nimeshachekwa. Wewe ni shangazi yake, ungempitisha hata kitabu kikiwa juu chini. Nilishasema. Na sare nimeshampa jirani, mtoto wake anaanza shule."

Nikamtazama mke wake. Akatazama pembeni, mtoto mdogo mgongoni. Kasuku alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote. Nilikuwa nafungua kinywa kumtukana mdogo wangu tangu utoto wake hadi leo, simu yangu ikalia. Ujumbe, wa chuo. Nikaliona jina tu, sikuufungua kusoma. Nikampa mtoto ile simu.

"Huu hata mimi sijausoma," nikamwambia baba yake. "Hakuna aliyemsomea. Haya, soma, mama."

Akashika simu kwa mikono miwili.

"Mwa-li-mu. Mwalimu. M-ra-di wa-ko ha-u-ja... ha-u-ja-fa-u-lu." Akainua macho. "Shangazi, haujafaulu."

"Nimesikia. Endelea."

"Ma-ku-ndi yo-te ma-wi-li ya-na-so-ma. Ha-ku-na to-fa-u-ti. U-na-ru-hu-si-wa ku-ru-di-a mwa-ka u-ja-o na wa-to-to we-ngi-ne."

Mdogo wangu akaichukua simu. Akayapitia maneno moja moja kwa kidole chake chenye makovu ya moto, midomo ikitikisika.

"Wamekufelisha wewe?"

"Mimi."

"Kwa sababu wote wanasoma?"

"Ndivyo walivyoandika."

Akatukana tusi ambalo mama yetu angempigia kofi. "Utarudia?"

"Wakinipatia watoto ambao si wa mtu, nitarudia."

Akanirudishia simu. Hakumtazama binti yake, hakumtazama mkewe. Akainama akatafuta ndala zake chini ya kiti, akavaa.

"Unakwenda wapi?" mkewe akamuuliza.

"Kwa jirani," akasema. "Kuifuata sare."